Muhuri wa Gatitu

Naapa kwa mlima huu unaotuchungulia kila asubuhi, na kwa meno yangu saba yaliyobaki, kwamba haya yote yalitokea hivi hivi nisemavyo. Sijaongeza, sijapunguza. Kama ndani yake mna uongo, basi ni uongo wa wahusika, si wangu.

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Inspekta Phoebe Nasirumbi wa upelelezi Nyeri alipanda ngazi za jengo la ghorofa moja pale Gatitu, na kule juu akazuiwa na bendera.

Mlango wenyewe ulikuwa wazi. Aliyeziba njia ni mzee mmoja mnene, amejivisha mkanda wa hariri wa rangi tatu kutoka begani hadi kiunoni, ameshika kijiti cha bendera kama mchungaji aliyefumania mbuzi kwenye mahindi.

"Simama hapo hapo," alisema mzee. "Ukivuka hiki kizingiti, umeingia nchi nyingine."

Nasirumbi akatazama chini. Kizingiti kilikuwa cha saruji, kimepasuka katikati. Upande wake, Kenya. Upande wa pili, Jamhuri ya Torvalia: zulia la plastiki, meza moja, viti viwili, kabati la chuma, na harufu ya dawa ya kupe iliyopanda kutoka duka la mifugo la chini.

"Na wewe ni nani?"

"Mheshimiwa Lennox Gikonyo. Barozi."

"Balozi kamili?"

Mzee akakohoa. "Konseli wa heshima. Lakini watu huniita barozi."

"Watu gani?"

Mzee akanyoosha mkanda wake wa hariri.

Tuelewane hapa kabla hatujaendelea. Nchi ndogo haina uwezo wa kufungua ubalozi kila mji. Kwa hiyo humtafuta tajiri wa mahali, ikampa barua, bendera na muhuri, bila mshahara. Kazi yake ni kuwasaidia raia wa nchi hiyo wakikwama, na kugonga karatasi zinazokwenda kule. Gikonyo alikuwa amewauzia Watorvalia parachichi miaka mingi, wakamlipa ziada kwa cheo. Tangu siku hiyo aliacha kusalimia watu sokoni. Alikuwa anangoja wamsalimie.

"Umepiga simu ukasema umeibiwa," Nasirumbi alisema.

"Muhuri wa nchi umeibiwa. Jana usiku. Kwa kabati ile pale."

Nyuma ya inspekta alisimama Sajini Moffat Kinyua, mwenyeji wa Othaya, mwenye miaka thelathini ya kazi na ng'ombe wawili. Alinyoosha shingo.

"Madam, ati hii ni nchi ya nje? Na hapo chini si wanauza dawa ya minyoo?"

"Hapo chini ni Kenya," Gikonyo alisema kwa hasira.

"Sasa barozi, ukienda choo unapitia kastamu? Maana choo nimeiona huko nje."

"Kinyua," Nasirumbi alisema, lakini hakusema kwa nguvu.

Mpiga picha wa polisi alikuwa amekuja na poda ya alama za vidole. Gikonyo alimkataza asiingie. Hakuna askari wa Kenya atakayegusa kabati la Torvalia. Nyaraka za kikonseli zina kinga, alisema, na akataja mkataba wa Vienna mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo ulipoandikwa. Basi mahojiano yakafanyika kizingitini, polisi wamesimama kwenye ngazi na mwathiriwa ameketi ndani ya nchi yake.

"Kufuli limevunjwa?"

"La."

"Dirisha?"

"Liko na vyuma."

"Mlango?"

"Ulikuwa umefungwa. Mwizi alikuwa na ufunguo. Mimi namjua mwizi."

"Nani?"

"Mwende. Karani wangu. Hawa watu wa Kitui ukiwapa kazi ya ofisi wanaanza kuota ndoto."

Nasirumbi aliandika jina hilo. Hakuandika yale mengine. Aliangalia kidole cha shahada cha mheshimiwa. Kilikuwa na wino wa zambarau kwenye kucha.

"Muhuri mwingine utapatikana lini?"

"Lazima nchi itengeneze, isajili, itume. Wiki sita. Pengine nane."

Hapo ndipo mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa aliposimama. Alikuwa na kanzu ya maua, viatu vyenye matope meusi ya mashamba ya mpunga, na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani.

"Wiki sita haiwezekani," alisema. "Ndugu yangu wanamchoma Ijumaa."

Jina lake Murugi, mkulima wa Mwea. Kinyua alimpandisha kwa mkono. "Kuja, mami. Eleza madam pole pole."

Akaeleza. Ndugu yake, Maxwel, alikuwa akitunza wazee huko Torvalia. Moyo ulisimama akiwa kazini. Kenya haina ubalozi kule. Unaoshughulikia nchi hiyo uko nchi jirani, na huko simu inaimba tu. Halmashauri ya mji ilisema hivi: ndugu waandike barua ya kuuchukua mwili, ithibitishwe na ubalozi mdogo wa Torvalia ulio karibu nao, ifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Isipofika, watauchoma, kama wanavyochoma miili yote isiyo na mwenyewe.

"Maxwel ana mwenyewe," Murugi alisema. "Mama yetu yuko na miaka themanini na mbili. Amechimbisha kaburi tayari, karibu na la baba. Nitamwambia nini, nimemletea majivu kwa kopo?"

"Uliandika hiyo barua?"

"Nilileta Alhamisi iliyopita. Mheshimiwa akagonga. Nikatuma. Jana wakairudisha."

"Kwa nini?"

Murugi akatoa karatasi iliyochapwa saiba, duka la intaneti. Nasirumbi akaisoma mara mbili. *Muhuri haulingani na kielelezo kilichosajiliwa kwetu. Barua haikubaliki.*

Alipoinua macho, mheshimiwa Gikonyo alikuwa akikunja bendera kwa makini sana, mkunjo baada ya mkunjo, kama mtu ambaye maisha yake yote yamekuwa ya kukunja bendera.

Kituoni Nyeri, Nasirumbi alitandika karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa barua ya Alhamisi. Nyingine, kutoka bahasha ya Murugi, ilikuwa nakala ya mkataba wa kazi wa Maxwel, uliogongwa na Gikonyo yule yule miaka miwili nyuma. Akachukua lenzi.

Duara ni lile lile. Simba wa Torvalia ni yule yule, ana sura ya mbwa aliyenyeshewa. Maneno ya juu, kwa Kitorvalia, hayana tofauti. Akashuka kwenye maneno ya chini.

Alicheka peke yake, kicheko kifupi, cha pua.

"Kinyua. Nisomee hii ya zamani."

"Ubarozi Mdogo wa Heshima, Nyeri."

"Na hii ya Alhamisi?"

"Ubarozi Mdogo wa Heshima, Nyeri."

"Sasa nisomee herufi moja moja."

Sajini akavaa miwani. "U, B, A, R... Ngoja. Hii iko na R. Hii ingine iko na... ile ingine."

"L."

"Hiyo hiyo."

Wakatazamana. Kwa miaka minane, nchi nzima yenye bunge, jeshi na kiti katika Umoja wa Mataifa ilikuwa ikijitambulisha Nyeri kama *Ubarozi*. Na kwa sababu muhuri huo ndio uliopelekwa kule kama kielelezo siku ya kwanza, huo wenye kosa ndio ulikuwa halali. Ule wa Kiswahili sanifu ndio ulikuwa bandia.

"Mwizi wa kawaida hughushi vibaya," Nasirumbi alisema. "Huyu ameghushi vizuri kuliko asili."

"Sasa madam, huyo amesoma."

"Au amechekwa."

Mwende aliletwa saa nane. Mwanamke wa makamo, sketi imepigwa pasi hadi inakata. Hakuwa amelia. Alikuwa amekasirika.

"Funguo za kabati ziko ngapi?"

"Moja."

"Uko wapi?"

"Kwa shingo yake. Analala nayo. Muulize bibi yake."

"Wewe uliwahi kuushika muhuri?"

"Mimi? Hata kuupanguza nilikatazwa. Alisema mkono wa karani unashusha hadhi."

"Ulijua una kosa?"

Mwende akaguna. "Siku ya kwanza. Nilimwambia, mzee, hapa tumeandika R. Akaniambia, ati Mkamba atanifundisha Kiswahili? Nikanyamaza. Miaka minane nimenyamaza. Nilikuwa nikiona barua inatoka, naangalia dirishani."

"Alhamisi iliyopita, kulikuwa na tofauti yoyote?"

Akafikiri. "Harufu."

"Harufu gani?"

"Mpira mpya. Kama ndara za dukani. Muhuri wetu ulikuwa unanuka vumbi. Huo wa Alhamisi ulinuka mpira."

"Kwa hiyo Alhamisi tayari kulikuwa na muhuri mpya. Naye anasema wa zamani umeibiwa Jumatatu usiku."

"Mimi sijasema hivyo," Mwende alisema. "Hiyo ni hesabu yako, afande. Lakini ni hesabu nzuri."

Nasirumbi alimruhusu aende nyumbani. Kisha akarudi kwenye lenzi. Katika mihuri yote miwili, kati ya neno la mwisho na la kwanza, mahali ambapo wachongaji wengi huweka nyota, palikuwa na punje ndogo ya kahawa, imepasuliwa kwa mstari katikati.

"Huyo ni Kingori," Kinyua alisema bila kufikiri. "Kerugoya, nyuma ya stendi. Mihuri ya vyama vyote vya kahawa ni yake. Anaweka hiyo punje kila mahali. Hata ya kanisa letu iko nayo."

Jumatano asubuhi walikuwa Kerugoya. Kingori alikuwa mzee mkavu, amekaa katikati ya vipande vya mpira na nyembe, redio inamsomea vifo.

"Unamjua Lennox Gikonyo?"

"Barozi? Mteja wangu."

"Umemchongea mihuri mingapi?"

"Miwiri."

"Wa kwanza nani alikupa maneno?"

"Yeye. Kwa simu."

"Na ukaandika alivyosema?"

Kingori akakasirika kidogo. "Madam, mimi siandiki. Mimi nachonga. Mtu akisema *ubarozi*, nachonga *ubarozi*. Ningechonga nini, mbuzi?"

"Na wa pili?"

"Huo alikuja mwenyewe. Wiki mbiri zimepita. Amevaa kofia, ati nisimjue, na gari iko na bendera nje. Akaniambia hiyo herufi ya katikati ibadirishwe. Nikamuuriza iwe gani. Akasema ile ingine. Nikamuuriza, mzee, R ya Ruiru ama L ya Limuru? Akasema ya Rimuru."

Kinyua akageuka ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Tukakaa hapo kama nusu saa," Kingori aliendelea bila aibu yoyote. "Mwisho nikamwambia aandike kwa karatasi."

"Karatasi hiyo unayo?"

Alikuwa nayo. Mchongaji hatupi karatasi ya mteja. Mteja akilalamika, anaonyeshwa mwandiko wake. L moja kubwa, ya kalamu ya zambarau, imezungushiwa duara, na chini yake tarehe.

"Na muhuri wa zamani?"

"Nirimwambia auache niukate. Ndiyo desturi. Akakataa. Akasema huo umekura na mawaziri, hauwezi kukatwa na wembe wa Kerugoya."

Kwa hiyo upo, Nasirumbi alijisemea. Na mtu wa namna hii hatauweka mbali na mwili wake.

Alasiri hiyo alikwenda kwa hakimu kuomba hati ya upekuzi. Hakimu, mama mmoja mwenye macho ya kuchoka, alifungua kitabu cha mkataba na kusoma kifungu chote kabla ya kusema neno.

"Konseli wa heshima si balozi," alisema hatimaye. "Kizingiti chake ni kizingiti tu. Lakini nyaraka zake, kweli, haziguswi."

"Kwa hiyo kabati hatuligusi?"

"Sijamaliza. Haziguswi *mradi* zimetengwa na karatasi zake za kibinafsi. Akizichanganya, kinga imekwisha. Inspekta, unaweza kunionyesha amezichanganya?"

"Bado."

"Natia sahihi, lakini naandika sharti hilo humu ndani. Usifungue hilo kabati kabla hujajua. Ukikosea, mimi na wewe tutaandikiwa barua na wizara, na mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu."

Alhamisi, saa tatu asubuhi. Torvalia wako nyuma yetu kwa saa mbili; ilikuwa imebaki siku moja na kidogo. Murugi alikuwa ngazini tangu saa kumi na mbili, amebeba barua mpya isiyo na muhuri. Mama yake alikuwa amempigia simu mara nne. Swali lilikuwa lile lile: "Wamesema nini?"

Nasirumbi alipanda. Safari hii hakusimama kizingitini. Alikivuka, akavuta kiti, akaketi katika Jamhuri ya Torvalia bila pasipoti.

"Hii ni uvamizi!" Gikonyo alifoka.

"Nimekuja kukuomba radhi tu, Mheshimiwa. Kwa Jumanne. Sajini wangu hana adabu."

Gikonyo akatulia. Radhi humlainisha mjinga kuliko samli. Kinyua naye akaingia, kofia mkononi, akaanza kuangalia picha ukutani. Kulikuwa na rais wa Torvalia, na kando yake, katika fremu kubwa zaidi, ng'ombe mweusi na mweupe.

"Mheshimiwa," Kinyua alisema kwa unyenyekevu ambao Nasirumbi hakuwahi kuuona, "hii ndiyo ile ng'ombe watu wanasema?"

"Wanasema nini?"

"Ati lita thelathini kwa siku."

"Thelathini!" Gikonyo akasimama. "Arobaini na tatu!"

"Ah, mzee. Mimi ni mfugaji. Hiyo haiwezekani. Labda ni mbegu ya hapa hapa tu, imepakwa sifa."

"Mbegu ya hapa? Mimi? Babake huyu ng'ombe ni wa ng'ambo, ana namba!"

"Namba kila mtu anaweza kusema."

"Ngoja. Ngoja wewe."

Mheshimiwa akatoa ufunguo shingoni, akalifungua kabati la chuma lililoandikwa kwa rangi nyekundu NYARAKA ZA KIKONSELI, HAZIGUSWI, akachakura, akarudi na kadi ya kijani ya upandishaji, imechakaa pembeni.

"Soma! Soma namba ya fahari!"

Kinyua akaisoma kwa sauti, namba yote, kwa heshima. Kisha akampa inspekta.

"Kadi hii umeitoa wapi, Mheshimiwa?" Nasirumbi aliuliza.

"Kwa kabati, si umeona?"

"Kabati lipi?"

Mzee akageuka, akayatazama maandishi mekundu ya kabati.

"Huyu ng'ombe ni raia wa Torvalia?"

"La, lakini..."

"Ana visa?"

"Hiyo ni kadi tu, ilijichanganya..."

"Hilo ndilo neno nililokuwa nikingoja." Akaitoa hati ya upekuzi. "Sajini, tafuta."

Ndani ya kabati la nchi yenye simba mlitoka vitu hivi: kadi nyingine sita za ng'ombe, kumbukumbu za kamati ya harusi, barua ya mahari ya mpwa wake, dawa ya mgongo, na kalenda ya kampuni ya mbolea. Katikati, ndani ya kitambaa cha kanisa kilichofungwa fundo, mlikuwa na mihuri miwili. Mmoja ulinuka vumbi. Mwingine ulinuka ndara.

Nasirumbi aliiweka mezani mbele ya mzee, kando kwa kando.

"Hakuna mwizi."

Mzee akaficha kidole chake chenye wino.

"Mwende hakuiba kitu."

"Hakuiba."

"Kwa nini, mzee?"

Aliposikia *mzee* badala ya *mheshimiwa*, kitu kikalegea ndani yake. Akaketi. Mkanda wa hariri ukapanda hadi shingoni.

"Walinicheka," alisema.

Ilikuwa harusi, Karatina. Alikuwa ametuma salamu rasmi za Torvalia kwa maharusi, zimegongwa muhuri, zisomwe mbele ya watu. Msomaji akawa Mwalimu Ngendo, mstaafu mwenye ulimi wa kiwembe, aliyefundisha Kiswahili nusu ya watu waliokuwa chini ya hema. Alisoma salamu zote. Kisha akausoma muhuri.

"Akasema kwa kipaza sauti, 'Ndugu zangu, hapa pameandikwa *ubarozi*. Miaka arobaini nimefundisha kwamba ukitoa *ba* kwenye ubalozi unabaki na ulozi. Mheshimiwa wetu hata ulozi wenyewe hajui kuuandika.' Watu walicheka. Bibi harusi alicheka. Mpishi alitoka jikoni kuja kuuliza."

"Ukaenda Kerugoya."

"Nikaenda."

"Ukatumia mpya kwenye barua ya Murugi. Ikakataliwa."

"Sikujua wanalinganisha! Nilidhani wanagonga tu kama sisi. Jumatatu wakaniandikia, wakaniuliza muhuri uliosajiliwa uko wapi."

"Ungewajibu ukweli."

"Niseme nini? Kwamba miaka minane tumeandika upuzi? Nikaona heri uibiwe. Ukiibiwa, wanatuma mwingine safi, na hakuna anayeuliza."

"Na Maxwel?"

"Nani?"

Nasirumbi alihesabu kimoyomoyo hadi tano. Alikuwa amekutana na majambazi wa mapanga, na wote walikuwa wanakumbuka jina la waliyemkata.

"Maiti ambayo dada yake yuko pale ngazini. Alikuambia wataichoma kesho. Ulikuwa na muhuri wa kuizuia umefungwa kwa kitambaa, umbali wa hatua tatu."

Gikonyo alipangusa paji la uso. Alipojibu, alijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi.

"Inspekta, yule ameshakufa. Mimi niko hai. Jumamosi barozi mwenyewe anatoka ng'ambo kuja kunivalisha nishani. Wapiga picha watakuwepo. Ungetaka nisimame hapo na hiyo R?"

Kinyua, aliyecheka tangu Jumanne, aliacha kucheka.

"Mwite Murugi," Nasirumbi alisema.

Murugi aliingia, akaitandaza barua juu ya meza, akailaza kwa viganja vyote viwili. Gikonyo akanyoosha mkono. Kwa mazoea ya kiburi, mkono wake ukaenda kwenye muhuri mpya.

"Huo mwingine," Murugi alisema. "Ule wa R."

"Mama, huu ndio umeandikwa vizuri..."

"Mzee, sikuja kusahihishiwa insha. Nimekuja kuchukua ndugu yangu."

Gikonyo akaugonga ule wa R. Akatia sahihi. Jina lake likaonekana kama nyayo za kuku.

"Msomee, ahakikishe," Nasirumbi aliamuru.

Mheshimiwa akasafisha koo, akajitahidi, akakaza ulimi nyuma ya meno kama alivyofundishwa na Mwalimu Ngendo darasa la tano.

"Ubarozi Mdogo wa Heshima," alisoma.

Mdomo na muhuri vilikubaliana, kama ilivyokuwa miaka minane yote. Hakuna aliyecheka. Murugi aliupuliza wino hadi ukakauka, akashuka mbio hadi saiba, na Kinyua mbele yake akimfungulia njia kama msafara wa rais.

"Sasa mimi je?" Gikonyo aliuliza. "Mimi niko na kinga."

"Kinga yako ni ya kazi ya ukonseli. Kuwapa polisi ripoti ya uongo na kumsingizia karani si kazi ya ukonseli. Vua huo mkanda, usije ukakunyonga garini."

Ijumaa saa nne na dakika kumi asubuhi, jibu likaingia kwenye simu ya Murugi, akiwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi kwa sababu hakuthubutu kulisubiri peke yake. *Muhuri umelingana. Mwili umezuiwa kuchomwa. Utasafirishwa.* Hakupiga kelele. Alimpigia mama yake, akasema kwa Kigikuyu maneno matatu tu, na upande wa pili mtu akaanza kuimba wimbo wa kanisani.

Maxwel alizikwa Mwea siku kumi na moja baadaye, mwili mzima, karibu na baba yake. Nasirumbi alihudhuria, amesimama nyuma, viatu vimezama kwenye tope jeusi.

Gikonyo alishtakiwa Nyeri. Nishani ilibaki ng'ambo ndani ya kisanduku chake. Mwende ndiye sasa anayekaimu ofisi, na bado anagonga R. Alipoandika kule waibadilishe, walimjibu kwamba ombi la kubadilisha muhuri halipokelewi ila likiwa limegongwa muhuri sahihi. Naye alipoligonga, wakajibu kwamba kwa kuwa muhuri umelingana, hawaoni kosa.

Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini, nikangoja sifa.

Tulikuwa hotelini kwa Nduta, wazee watano na sufuria ya mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu. Nduta mwenyewe, akipangusa meza, aliuliza hiyo Torvalia iko wapi. Nikamwambia, pale baridi inapoanzia. Akatoa simu, akafungua ramani, akaivuta kwa vidole viwili, juu, chini, kulia.

"Kuna Latvia," alisema. "Kuna Bolivia. Torvalia haiko."

"Ni ndogo," nikasema.

"Nimevuta mpaka naona mabati ya watu."

Nikajaribu kusema ilibadilisha jina. Wakaniuliza lilikuwa jina gani. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeapa kwa mlima, na mlima asubuhi hiyo haukuwa na wingu hata moja; ulikuwa umenikodolea macho. Hotelini humo aliyenaswa na uongo ndiye hulipa, kwa hiyo nikatoa pochi. Nikalipa chai ya wote, mutura wote, na kwa amri ya Nduta nikaongeza kilo nzima ya mbuzi.

Walikuwa wameshika uongo mmoja tu, wakashiba nao. Kuhusu ile R hakuna aliyeuliza kitu. Mutahi, aliyekaa karibu nami, aliinua mfupa wake na kusema kwamba nchi iwepo isiwepo, hiyo ya muhuri ni kweri kabisa.